Fedha za ziwa hutafutwa kabla ya Februari

Ndugu uliyeuliza kwa nini barua tatu za kikundi chenu kwa bunge la kaunti hazijajibiwa, na kama ipo njia nyingine ya kupata fedha za kulihifadhi ziwa, nitakujibu kwa yale niliyoyapitia hapa Kisumu, ambako sisi wavuvi na wachuuzi wa samaki wa ufuo wa Dunga tulihangaika miaka miwili kabla ya kusikilizwa.

Kosa letu kubwa lilikuwa la wakati. Tulingoja vikao vya maoni ya umma vinavyofuata makadirio ya bajeti, ambayo kisheria hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ndipo tukasimama kueleza jinsi magugu maji yalivyoziba njia ya mashua zetu. Tulipigiwa makofi, tukarudi mikono mitupu. Hatukujua kwamba mgao wa kila sekta huwa umekwisha kuwekewa mipaka katika waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, unaofikishwa bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na kwamba ukishapitishwa, kila shilingi ya ziwa ni lazima itoke katika fungu la mtu mwingine, naye hatakubali. Andikeni basi mwezi wa Januari, na mkumbushe kwamba kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha.

Jambo jingine ni kwamba tuliomba mengi mno. Barua yetu ya kwanza ilitaka Ziwa Victoria liokolewe, ziwa la zaidi ya kilomita mraba 68,000 ambalo Kenya ina takriban asilimia 6 tu yake. Hakuna mwakilishi wa wadi awezaye kulipitisha ombi kama hilo. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, uzoaji wa taka na mifereji ya maji ya mvua, kwa hiyo mwaka wa pili tuliomba hayo tu, tena kwa kijito kimoja kinachokatiza mitaani.

Siku ya kuwasilisha ombi hilo bungeni tulibeba chupa tatu za maji ya kijito hicho: moja tuliyoyateka juu ya makazi, moja darajani, na moja pale kinapomwagikia ziwani. Katika ya kwanza ungeweza kuona vidole vya aliyeishika. Ya tatu ilikuwa nyeusi kama oili chakavu, na kifuniko kilipofunguliwa karani aliinuka akafungua dirisha. Ndipo tulipoeleza kwamba uchafu ule ndio mbolea ya magugu, na kwamba ndiyo sababu hata baada ya fukusi, wadudu wanaokula magugu hayo, walioachiliwa ziwani miaka ya 1990 kuyapunguza sana, magugu yalirudi. Kuyang'oa bila kuziba chanzo ni kulipia kazi ileile kila mwaka.

Msiwaendee waheshimiwa wa ufuoni peke yao. Mmoja wa wadi ya juu, upande wa Mto Nyando, alituuliza waziwazi ziwa linawahusu nini watu wake. Mzee wetu mmoja akamjibu kwa upole kwamba udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba yao ndio tope linalonasa nyavu zetu, na kwamba wao wanapoteza shamba kama sisi tunavyopoteza samaki. Kwangu mimi, jibu lile lilifanya kazi kuliko karatasi zetu zote, kwa sababu mheshimiwa huyo ndiye aliyetangulia kuunga mkono ombi letu, akaongeza la kwake la makingamaji na miti kandokando ya mto.

Fungu likipitishwa, msilale. Letu lilikaa miezi mingi bila kutolewa, na ofisi moja ikawa inatutuma kwa nyingine, hadi tulipoanza kusoma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ofisi inayosimamia utoaji na matumizi ya fedha za umma, na kumpelekea mwakilishi wetu ukurasa wenyewe, tukiwa tumepigia mstari tarakimu. Mtaro tuliouomba umejengwa hadi darajani. Kipande kilichobaki, kutoka hapo hadi ziwani, tumekwisha kukiandikia barua ya Januari ijayo, na chupa zitakuwa tatu tena.