Je, ni Lazima Kuamini Maono ya Kibeho?

Swali: Je, Mkatoliki analazimika kuamini kwamba Bikira Maria aliwatokea wanafunzi wa Kibeho, Rwanda? Na Rozari ya Mateso Saba ilianzia huko?

Jibu: Halazimiki, ndugu msomaji. Kanisa hufundisha kwamba ufunuo wa hadhara, yaani ule ambao Mungu aliwapa watu wote, ulikamilika katika Kristo, na kwamba maono ya baadaye, hata yakikubaliwa na askofu, ni ufunuo binafsi usioongeza kitu katika amana ya imani, yaani mafundisho ambayo Kanisa lilipokea kutoka kwa Kristo na Mitume. Hata hivyo, habari za Kibeho hazistahili kupuuzwa. Alphonsine Mumureke alitokewa kwa mara ya kwanza tarehe 28 Novemba 1981, katika bwalo la chakula la shule yake, na wenzake wengi wakamdhihaki. Marie Claire Mukangango, aliyekuwa miongoni mwa waliompinga vikali, baadaye alitokewa yeye mwenyewe. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliyakubali maono ya wasichana watatu tu, mwaka 2001, baada ya uchunguzi wa muda mrefu, na subira hiyo mimi naiheshimu sana.

Ama Rozari ya Mateso Saba, hiyo ni ya kale kuliko maono ya Kibeho; Kibeho iliihuisha tu. Husaliwa kwa mafungu saba, kila fungu likiwa na Baba Yetu moja na Salamu Maria saba, kwa kukumbuka mateso saba ya Bikira Maria, tangu utabiri wa mzee Simeoni hadi maziko ya Yesu.