Usipeleke skripti mbili, mdogo wangu

Simamisha hiyo mipango kwanza. Umeuliza filamu fupi iwe ya dakika ngapi, mwigizaji wa bara ataiweza lafudhi ya Likoni au watu watamcheka, na kama kuna ubaya kuwapa wakaguzi wa filamu skripti "nyepesi" upate leseni ya kupiga filamu halafu upige ile yenyewe, yenye tajiri anayemfuata binti wa kazi jikoni usiku huko Ghuba, Uarabuni. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani.

Mimi nilishauriwa hivyo hivyo. Bwana mmoja anayejiita mshauri wa skripti alikula pesa za kikundi chetu, kisha akatuambia, "Wale hawasomi, wapeni karatasi ya kuwafurahisha." Filamu yetu ilikuwa ya kijana wa Mji wa Kale aliyezama kwenye unga, yaani heroini. Karatasi ya leseni ilisema tu: "Kijana anatumia dawa kichochoroni." Tulichopiga ni kijiko, kiberiti, mkanda uliokazwa mkononi, sindano ikiingia mshipani na damu ikirudi kwenye bomba. Yote kwa picha ya karibu kabisa, na muziki juu yake. Bwana yule amesimama nyuma ya kamera akisema huu ndio uhalisia, matamasha ya nje yanautaka.

Ilipokaguliwa ikapewa daraja la 18, la watu wazima tu. Filamu tuliyoitengeneza kwa ajili ya shule za sekondari! Kituo kilichotaka kuinunua kilikuwa na nafasi ya saa mbili usiku, na kwa kanuni za utangazaji za Kenya vipindi vya watu wazima haviruhusiwi kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Kikajitoa, walimu nao wakajitoa. Tukasema basi tuikate ile sini, tukio lile la sindano, na hapo ndipo tulipoona tulichofanyiwa: hatukuwa tumepiga kitu kingine cha kuziba pengo. Kijana anaingia kichochoroni, kisha yuko chini amelala. Mtazamaji haelewi lolote katikati. Mshauri hakupokea simu tena, na hadi leo anaendesha warsha za vijana. Inaniuma kila nikiona bango lake.

Lakini hasara kubwa si hiyo. Yule aliyetupa kisa chake, ambaye ameacha unga, tulimwalika kutazama. Kijiko kilipotokea kwenye skrini alisimama akatoka nje. Nikamfuata, akaniambia, "Umeonyesha kila kitu isipokuwa mama yangu." Alisema kweli. Kwenye rasimu ya kwanza kulikuwa na mama anayeona vijiko vya chai vinapotea kabatini kimoja kimoja, mpaka asubuhi moja anakoroga chai kwa mpini wa kisu na hasemi neno. Mshauri aliifuta sini hiyo, eti haina mvuto. Ile ingepita daraja lolote, na mzazi yeyote wa Pwani angejua papo hapo nyumba hiyo ina nini.

Ndiyo maana nakushikilia: andika sini nzima kama utakavyoipiga, neno kwa neno, na hiyo hiyo ndiyo uipeleke. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inataka maelezo kamili ya kila sini na maneno yote ya waigizaji kabla hujapiga. Mimi siipendi sheria hiyo. Ilitungwa kabla ya uhuru na inampa ofisa nguvu kubwa mno juu ya msanii. Ila ina meno: Oktoba 2014 mtayarishaji wa filamu ya Stories of Our Lives alikamatwa Nairobi kwa kosa la kurekodi bila leseni, ingawa baadaye mashtaka yaliondolewa. Anayetaka kuipinga aipinge mchana kweupe, kama mwongozaji wa filamu Wanuri Kahiu. Alikataa kubadilisha mwisho wa filamu yake Rafiki, ikapigwa marufuku 2018, akaenda mahakamani na Septemba mwaka huo akapata siku 7 za kuionyesha kwa watu wazima. Wewe mwenye skripti mbili utasimama mbele ya jaji na ipi?

Na ukiiandika kikamilifu utaona mwenyewe sini ni ya nani. Hiyo ya jikoni, ulivyoieleza, kamera inamfuata tajiri: mkono wake, kivuli chake, mlango anaoufunga. Binti hana hata neno moja. Mpe yeye kamera. Anasikia nini kabla mlango haujafunguka? Ameshika nini? Kesho yake anampakulia nani chai? Mabinti waliorudi kutoka kazi za ndani huko Ghuba watakuja kuitazama hii, pamoja na mama zao.

Dakika na lafudhi wengine watakujibu. Wewe iandike sini hiyo upya usiku huu, yote, uibandike hapa chini tuisome kabla hujagusa fomu ya leseni.