Mzazi amechoka, bosi afanye nini?

Tangu niandike hapa kuhusu likizo ya uzazi, maswali yamemiminika, na safari hii mengi ni ya mabosi. Nimefurahi, maana kwa kawaida wanaoniandikia ni wale wanaoumia. Nimechagua matano.

Nina kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba. Karani wangu mmoja, mama wa watoto wawili, alikuwa hodari kuliko wenzake wote. Sasa anakosea hata namba za kontena, na ukimwuliza anakujibu kwa mkato. Nimpe barua ya onyo?

Barua ingoje, mzee. Mwite, funga mlango, umwulize siku yake inaanza saa ngapi. Usimwulize "una shida gani nyumbani", atakujibu "hakuna". Uliza saa.

Nilipokuwa ofisa utumishi Kampala nilimwuliza hivyo mama mmoja. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Saa kumi alfajiri anawasha jiko. Saa kumi na moja gari la shule linapiga honi getini. Saa kumi na mbili yuko kwenye teksi Bweyogerere, foleni ya Jinja Road, ofisini saa mbili. Anatoka saa kumi na moja jioni, anafika nyumbani saa mbili usiku, homuweki, vyombo, kumbembeleza mdogo, kitandani saa tano. Alipofika kwenye vyombo alikuwa ameanza mkono wa pili. Mimi nilikuwa nimemwandalia hotuba nzima kuhusu uwajibikaji, niliimeza.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uchovu wa aina hii katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lakini si kama ugonjwa: ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Dalili ni tatu. Mtu huishiwa nguvu, huanza kuichukia kazi au kuiona haina maana, na kazi yake hushuka. Sijamwona karani wako, lakini kukosea namba na majibu ya mkato vinafanana sana na mbili za mwisho. Na kwa kuwa shirika lenyewe limetaja kazini, sehemu ya dawa iko mezani kwako.

Anza na zamu. Malori ya Malaba hayalali, najua, ila si lazima awe yeye anayepigiwa simu kila trela likifika usiku. Panga zamu wiki mbili mbele, ubandike ukutani, usiiguse. Kazi ngumu mzazi huivumilia. Kinachommaliza ni kutojua leo atatoka saa ngapi, maana yaya naye ana saa zake, na yaya akikasirika akaenda kwao, wiki nzima imeharibika.

Halafu fungua faili lake uone alienda likizo lini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Ukiona mwaka umepita hajagusa hata moja, umepata jibu lako. Na akikwambia halali kabisa au analia bila sababu, hapo ni daktari, na mshahara wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa analipwa wote.

Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, Ntinda. Mke wangu amejifungua kwa upasuaji. Msimamizi anasema likizo ya baba ni ya watu wa ofisini.

Anakudanganya, ndugu yangu. Ni siku nne za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili, mara tu mke anapojifungua, au mimba inapoharibika. Sheria haijataja tai wala meza. Akikataa, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Ndiye wa kwanza kupokea malalamiko haya.

Msimamizi naye akisoma hapa: siku nne kwa mwanamke mwenye nyuzi tumboni ni kidogo mno. Mwongezee kutoka likizo yake ya mwaka, kisha mhamishie zamu ya mchana kwa mwezi mmoja. Mlinzi aliyekesha na mtoto mchanga atasinzia langoni, na mwizi hatauliza sababu.

Nina duka la jumla Kikuubo, wafanyakazi sita. Dada mmoja amerudi kutoka uzazi na ananyonyesha. Sina pa kujenga chumba cha watoto.

Usijenge. Kwanza piga hesabu. Likizo yake ni siku 60 za kazi, na kwa kuwa Kikuubo mnafungua Jumamosi, zinaisha baada ya wiki kumi tu. Mtoto ana miezi miwili na kitu, na inashauriwa anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka afikishe miezi sita.

Mimi niliwahi kukamua maziwa kwenye choo cha ofisi, kopo nimelipachika juu ya tangi la maji, mtu anagonga mlango. Maziwa yaligoma kutoka. Kwa hiyo nakuomba kona ya stoo, nyuma ya magunia ya sukari, pazia zito, kiti chenye mgongo, maji ya kunawa na chupa yenye barafu. Nusu saa mara mbili kwa siku, bila mtu kumwita. Kama nyumbani si mbali, mtoto aletwe mchana.

Wafanyakazi wasio na watoto wanalalamika kwamba wazazi wanabebwa.

Wana haki, ikiwa kila mzazi akiondoka kazi yake inatua kwao. Punguza kazi yenyewe, usiihamishe. Na ruhusa ya kubadili saa iwe ya wote; huyo kijana asiye na mtoto huenda anamuuguza mama yake.

Tulikodi ukumbi hapa Jinja, tukaleta mtaalamu azungumze na wazazi kuhusu uchovu, Jumamosi asubuhi. Walikuja watatu. Hawathamini?

Jumamosi, bosi wangu! Ndiyo siku ya kufua, ya kusuka watoto nywele, ya kutembelea walio bweni. Uliwapokonya mapumziko ili uwafundishe kupumzika.

Mwakani fedha za ukumbi na chai zigeuze mkopo mdogo usio na riba, uwe tayari kabla shule hazijafunguliwa Februari, maana karo ndiyo inayowakosesha wengi usingizi mwezi Januari. Mtaalamu aje Jumatano, saa za kazi. Na wale watatu waliokuja, wape Ijumaa moja wakalale.