Maswali ya Wasomaji: Hadithi za Kale na Somo la Imani

Swali: Nafundisha Shule ya Jumapili, watoto wa miaka 7 hadi 10. Nikiwasimulia Cinderella, yule binti anayeteswa na mama na dada wa kambo na mwishowe akaolewa na mwana wa mfalme, wanatulia tuli, lakini nikiuliza hadithi imetufundisha nini, wote wanajibu "tuwe na tabia njema". Nakosea wapi? (Mwalimu, Pongwe)

Jibu: Swali lako ndilo linalowaponza. Wamelizoea shuleni na wanajua jibu litakalomridhisha mwalimu. Waulize habari ya mtu na tendo lake: "Wale dada wa kambo wakibisha hodi kwa Cinderella baada ya harusi, awafungulie?" Utasikia mabishano, na somo linaanzia hapo.

Ila angalia kwanza unasimulia ipi. Ziko mbili zinazojulikana sana, na miisho yake haifanani. Katika ile ya Mfaransa Charles Perrault, iliyochapwa mwaka 1697, dada wanaomba radhi, Cinderella anawasamehe na kuwachukua wakakae naye ikulu. Katika ile ya ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, njiwa wanawadonoa macho siku ya harusi. Ukitaka somo la msamaha, shika ya Perrault, kisha fungua Mwanzo 50:15-21, pale ndugu zake Yusufu, baba yao akiwa amekwisha kufa, wanapohofu kwamba watalipizwa kisasi. Mstari wa 20 usomwe na mtoto, kwa sauti: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema". Yusufu anasamehe, lakini hasemi kwamba kosa halikuwapo. Lipe jambo hili muda wa kutosha, maana watoto wengi wakiambiwa "samehe" huelewa "nyamaza".

Ile ya Grimm ina tatizo jingine. Cinderella analia kwenye kaburi la mama yake, mti unaota pale, na ndege wa mti huo anamtupia nguo anazoziomba. Mtoto wa huku kwetu aliyewahi kuona watu wakitambika makaburini anaweza kudhani ameelekezwa naye afanye hivyo. Kwa watoto wa umri huo, iache.

Usigeuze kila kitu kuwa mfano, mwana wa mfalme awe Yesu, kiatu kiwe neema, boga liwe moyo wa mwenye dhambi. Chukua somo moja tu kwa hadithi moja. Kama kipindi ni cha dakika 40, hadithi ichukue 12, maswali 8, Biblia 15, zilizobaki ni za sala. Ukiona hadithi inaila Biblia, ifupishe hadithi.

Swali: Baba wa wanangu ni mvuvi. Ipo hadithi ya zamani ya kuwafundisha juu ya tamaa? (Mama, Kigombe)

Jibu: Ipo, nayo ni kama imetungwa kwa ajili ya nyumba yako. Ni ya mvuvi na mkewe, katika mkusanyo wa ndugu Grimm uliotoka mara ya kwanza mwaka 1812. Mvuvi ananasa samaki anayesema, anamwachia. Mke anamtuma arudi kuomba: kwanza nyumba nzuri badala ya kibanda, kisha jumba la mawe, kisha yeye mke awe mfalme, awe kaisari, awe Baba Mtakatifu, na mwisho awe kama Mungu. Anarudishwa kibandani.

Nguvu ya hadithi hii iko baharini. Kila mvuvi akirudi ufukweni, maji yamebadilika: yanakuwa kijani na manjano, kisha zambarau na buluu nzito, kisha kijivu cheusi, hadi dhoruba. Watoto wako wanajua bahari inavyochafuka, basi waache waifanye wao kwa mikono na sauti, kila safari kwa nguvu zaidi, wewe ukisema maneno ya mvuvi tu. Safari ya tatu wasimamishe, uwaulize: "Mvuvi anaiona bahari. Mbona bado anakwenda?" Maana katika hadithi anajisemea kwamba jambo hili si haki, na bado anakwenda.

Bila swali hilo hadithi huharibika, watoto wakaondoka na neno moja tu, kwamba wanawake wana tamaa. Soma Mwanzo 3:6, "akampa na mumewe, naye akala", kisha Luka 12:15 juu ya kujilinda na choyo.

Swali: Wanyama wanaosema, uchawi, mazimwi. Huu si uongo tunaowalisha watoto? (Baba, Makorora)

Jibu: Ni mambo ya kubuni, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Hata Biblia inayo ya namna hiyo: katika Waamuzi 9:7-15 Yothamu anasimulia miti inayotafuta mfalme: mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa, mti wa miiba unakubali. Nathani naye alimfikia Daudi kwa kisa cha kondoo wa maskini (2 Samweli 12).

Hatari iko katika kuchanganya. Hadithi ianze kwa "Paukwa! Pakawa!", Biblia ikiwa imefungwa. Ukimaliza, nyamaza kidogo, fungua Biblia mbele yao, taja kitabu, sura na mstari. Habari za Yona au Danieli usizianze kamwe kwa Paukwa. Ukifika penye uchawi, uliza nguvu hiyo imetoka wapi, na soma Kumbukumbu la Torati 18:10-12. Mtoto akisema kwao kuna mgonjwa anayepelekwa kwa mganga, zungumza naye pembeni, si mbele ya wenzake.

Swali: Mbona zote za Ulaya? Za kwetu hazifai? (Mzee wa kanisa, Muheza)

Jibu: Zinafaa sana. Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliyekuja kuwa askofu na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alikusanya hadithi za Zanzibar na kuzichapa mwaka 1870. Humo imo ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa, mnyama wa jamii ya swala. Paa anamtafutia mali, mke binti sultani, na jumba ambalo alilipata kwa kumuua nyoka wa vichwa saba. Siku paa anaugua, bwana anaamuru apewe uji wa mtama duni. Bibi anayemuuguza anarudi kumsihi, mke naye anamsihi, hasikii. Paa anakufa, na bwana anajikuta jaani tena, akichakura.

Simulia polepole pale penye bakuli la uji. Kisha soma Luka 17:11-19, habari ya wakoma kumi, na uliza: "Wale tisa wasioshukuru, walirudishiwa ukoma?" Injili haisemi hivyo. Hadithi inamnyang'anya asiye na shukrani; Yesu anauliza walipo. Watoto wa miaka 10 na kuendelea wanaiona tofauti hiyo haraka kuliko tunavyodhani.

Swali: Jioni watoto wa majirani Waislamu huja barazani kusikiliza. Nifanyeje? (Bibi, Chumbageni)

Jibu: Waje. Waambie wazazi wao kwanza ni hadithi gani, na barazani simulia hadithi peke yake. Somo la Biblia liwe Jumapili, kanisani.