Maswali ya wasomaji: Kupe wa Jumatano si wale wa Jumamosi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Goma, na karibu zote zinalalamikia kitu kimoja: kupe wa mbwa. Tumechagua tano.

Mbwa wetu ni berje mkubwa (jamii ya mbwa wa wachungaji), analinda parsela, yaani kiwanja chetu. Kila Jumamosi tunamtoa kupe ishirini au thelathini na kumpaka dawa. Jumatano wamesharudi. Je, tumeuziwa dawa ya uongo?
*Mama msomaji, Himbi*

Mama, dawa yenu inaweza kuwa nzuri kabisa. Hao wa Jumatano ni wengine, walikuwa ukutani wakingoja zamu yao. Kupe wa kahawia, anayependa mbwa kuliko mnyama mwingine, hupanda mwilini mara tatu tu maishani: akiwa mchanga mwenye miguu sita, akiwa wa kati mwenye miguu minane, kisha akiwa mzima. Kila mara hunywa damu kwa siku kadhaa (jike mzima hufika hata wiki moja na zaidi), halafu hudondoka na kutafuta ufa. Maisha yake yaliyobaki hayuko kwa mbwa. Jike aliyeshiba, yule wa kijivu aliyevimba kama punje ya haragwe, hutaga mayai hadi 4,000, kisha hufa. Mzima mwenye njaa anaweza kungoja zaidi ya mwaka.

Sasa tazameni ukuta. Kama ni wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila sementi, kama zilivyo kuta nyingi za Goma, kila jiwe lina vitundu vyake na kati ya jiwe na jiwe pana nafasi ya kulala. Kupe huyu hupenda kupanda kwenda juu. Chukueni tochi usiku, mmulike nyuma ya mahali mbwa anapolala, kuanzia chini hadi usawa wa kichwa cha mtu, kisha pembe za kibanda na chini ya bati. Mkiona vidoa vya kahawia vimejibana kwenye ufa, ndipo penye kazi.

Anzeni na matandiko. Gunia na nguo kuukuu anazolalia zichomwe, au zichemshwe kabisa kila wiki. Kibanda cha mbao za paleti kina nyufa kupita kiasi, afadhali mbao zilizobanwa vizuri na sakafu iliyoinuliwa kidogo. Sehemu ya ukuta iliyo karibu na malazi izibwe kwa sementi. Ni gharama ya mara moja, na kwa maoni yetu inashinda chupa kumi za dawa. Nyufa zinazobaki zipulizieni dawa ya wadudu, deltametrini au sipametrini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, mkielekeza mdomo wa pampu ndani ya ufa. Kulowesha uso wa jiwe tu ni kupoteza dawa. Mbwa, kuku na watoto wasikaribie mpaka pakauke. Javel (maji ya klorini) haifai hapa, husafisha sakafu na kuwaacha kupe hai.

Rudieni kila wiki mbili kwa miezi mitatu angalau, kwa sababu dawa haiyapati mayai vizuri na yataendelea kuanguliwa. Mbwa naye asikose dawa hata wiki moja katika miezi hiyo, maana yeye ndiye mtego: kila kupe anayetoka ukutani atapanda kwake na kufa. Wengi huacha mwezi wa pili, wakidhani wameshinda.

Nilimvuta kupe kwa vidole, kichwa kikabaki ndani. Jirani anasema ningempaka petroli kwanza ili aachie. Ni kweli?
*Kijana wa Majengo*

Si kweli, ndugu. Petroli, mafuta ya kupikia, vazelini na moto wa sigara humsumbua kupe kabla ya kumuua, na kupe anayesumbuliwa anaweza kutapika mate yake ndani ya kidonda, na vijidudu vya ugonjwa viko humo humo. Petroli pia huunguza ngozi ya mbwa.

Tumia kibano chenye ncha nyembamba, ile pense ya kutolea nyusi inatosha. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Tenganisha manyoya, bana kupe pale mdomo unapoingia kwenye ngozi. Usimbane tumbo, kwani ukilibana ni kama kubonyeza bomba la sindano. Vuta moja kwa moja kwenda juu, polepole, bila kukatiza na bila kuzungusha. Ngozi itainuka kama hema dogo. Ngoja hapo hapo sekunde kadhaa, kupe ataachia mwenyewe. Kinachokata kichwa ni ule mvuto wa ghafla.

Kilichobaki si kichwa kizima, ni mdomo. Usichimbe kwa sindano. Safisha kwa alkoli au betadini na uache, ngozi itakisukuma nje kwa siku chache. Patavimba kidogo kama harara. Pakiongezeka au pakitoa usaha, mwone daktari wa mifugo.

Kupe mtie kwenye kichupa chenye alkoli. Tabia ya kumpasua kwa ukucha iachwe: damu yake inaweza kukuambukiza wewe kupitia mchubuko au jicho. Nawa mikono kwa sabuni. Unapomkagua mbwa, usiishie mgongoni. Ingiza kidole ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo.

Nimenunua amitrazi, dawa ya kupe ya ng'ombe, chupa imeandikwa 12.5%. Muuzaji amesema kifuniko kimoja kwa beseni. Ni sawa?
*Baba wa Katindo*

Hapana, baba. Vifuniko vinatofautiana, na beseni la kwako si la jirani. Kwa chupa ya 12.5% kipimo cha mbwa ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Mbwa mkubwa anahitaji kama lita 4, yaani mililita 8. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na bomba hilo lisirudi jikoni. Kama lebo inaonyesha asilimia nyingine, hesabu hii haifai.

Mwogeshe kwanza kwa sabuni ya kawaida, mkaushe. Changanya dawa muda huo huo, kwani iliyochanganywa jana imepungua nguvu. Vaa glavu, kaa mahali penye hewa, mbali na moto wa makala (makaa). Loweka sponji na upake kinyume cha manyoya mpaka ngozi ilowe, miguu yote na kati ya vidole. Kichwani tumia kitambaa, epuka macho na mdomo. Usimsuuze. Akauke kivulini huku amezuiwa kujilamba. Fanya kazi hii asubuhi: jioni ya Goma ina baridi, na amitrazi yenyewe hushusha joto la mwili.

Usiitumie kwa mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne, mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha, mwenye vidonda, mwenye kisukari, wala Chihuahua. Mtu mwenye kisukari naye asiishike. Mbwa akilegea, akiyumba, akitapika au mwili ukipoa, mwoshe mara moja kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mfunike, mpeleke kwa daktari. Dawa ya kuondoa sumu hiyo ipo.

Maji yaliyobaki yapake kwenye nyufa za kibanda. Usiyamwage mtaroni wala ziwani, na mbwa asipelekwe kuogelea Kivu siku zile: amitrazi ni sumu kwa samaki, na hao sambaza tunawala sisi wenyewe.

Kwetu kuna mbwa na paka. Je, matone ya kupe ya mbwa, yale ya kupaka kwenye ngozi, naweza kumpa paka nusu?
*Dada wa Keshero*

Hata tone moja usimpe. Matone mengi ya mbwa yana permetrini, sumu ya wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja. Hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Ukimpaka mbwa dawa hiyo, watenganishe siku tatu na wasilale pamoja. Tafuta dawa iliyoandikwa paka kwenye lebo.

Kwa mbwa anayeishi na paka, vidonge kama afoksolana (mwezi mmoja) au fluralana (wiki 8 hadi 12, kufuatana na lebo) ni rahisi zaidi, kwani hakuna kitu kinachobaki kwenye manyoya. Mpe pamoja na chakula, kwa uzito wake. Mbwa mwenye kifafa asipewe bila daktari. Usishangae kuona kupe bado anatembea juu yake: kidonge kinamuua baada ya kuuma.

Mbwa wangu hali tangu jana, ana homa, na mkojo wake una rangi ya kahawa. Wiki iliyopita nilimtoa kupe wengi. Nimchome ivermektini?
*Msomaji wa Ndosho*

Usimchome. Ivermektini ya ng'ombe, sindano ya minyoo, si dawa ya kutegemea kwa kupe, na kwa baadhi ya mbwa, hasa wa jamii ya kolli (mbwa wa kuchunga kondoo) na machotara wao, dozi kubwa inaua. Ulichoeleza kinafanana na babesia, kijidudu kinachopasua chembe nyekundu za damu, ndiyo maana mkojo unakuwa mweusi. Inua mdomo wake: ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, usingoje kesho.

Mpeleke leo, bila kumkimbiza, abebwe. Mwombe daktari achukue tone la damu kwenye ncha ya sikio na kulitazama kwa hadubini kabla ya kumchoma dawa yoyote, kwani vijidudu hupungua haraka baada ya sindano na kipimo hudanganya. Mwambie pia tarehe uliyotoa kupe na jina la dawa uliyompaka.