Jumla za namba zinazofuatana: taarifa ipi inatosha?

Wiki hii wanaojiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara, ndo wamenijazia maswali, Newala, Masasi mpaka Lindi, na karibu wote wamekwama palepale: kuamua kama taarifa uliyopewa inatosha kujibu swali.

Mwalimu, korosho zilipelekwa ghalani siku mfululizo, kila siku gunia moja zaidi ya jana yake, jumla 45. Siku ya kwanza magunia mangapi? Taarifa ya 1: siku zilikuwa 5. Taarifa ya 2: idadi ya siku ni witiri. Nimejibu C, nimekosa. (Newala)

Jibu ni A, yaani taarifa ya 1 peke yake inatosha, ya 2 peke yake haitoshi. Idadi ikiwa witiri, jumla ni idadi mara namba ya katikati, basi 45 gawa kwa 5 unapata 9, rudi nyuma siku mbili, siku ya kwanza 7. Imetosha. Sasa ile 5 ifute kabisa kichwani ndo usome ya pili, wengi wanateleza hapa maana wanaingia nayo bila kujua: siku 3 zinakubali (14, 15, 16), siku 5 zinakubali, siku 9 nazo zinakubali (1 mpaka 9), majibu matatu tofauti. C ni pale kila taarifa peke yake imeshindwa ila zote mbili pamoja zinatosha, na hapa ya kwanza ilishamaliza kazi dada yangu.

Je, jumla ya namba kamili n zinazofuatana inagawanyika kwa n? Tumeambiwa n ni 4. Mwenzangu anasema haitoshi kwa sababu jibu ni hapana. (Masasi)

Inatosha! Jumla ya namba 4 ni 2 mara ya kwanza ukijumlisha na ya mwisho, na hizo mbili zikijumlishwa lazima zitoe witiri, kwa hiyo haigawanyiki kwa 4 uanzie popote: 10, 14, 18. Hapana ya uhakika ni jibu kamili. Kisichotosha ni "inategemea", mfano wangesema n inagawanyika kwa 3, ikiwa 3 ni ndiyo, ikiwa 6 ni hapana.

Jumla ya namba kamili zinazofuatana ikiwa 0, hiyo inatosha kutuambia kwamba idadi yake ni witiri? (Lindi)

Ndiyo, idadi shufwa haitoi 0 kamwe. Ila ziko ngapi hujui, -1 mpaka 1 au -7 mpaka 7 zote sawa. Wasiposema chanya, jaribu hasi.

Kutafuta jumla, nitumie n(n+1)/2? (Mtwara mjini)

Zikianzia 1 tu. Na usikokotoe mpaka mwisho, sehemu ya Data Insights, yanakotoka maswali haya, ni maswali 20 kwa dakika 45, ukishaona jibu litakuwa moja tu hamia taarifa inayofuata.