Yoga kwa mtoto wa miaka 3 na wa miaka 11

Dada wa Ujiji, umeuliza kama wanao, wa miaka 3 na wa miaka 11, wanaweza kufanya yoga pamoja. Wanaweza, ila usitegemee mdogo atulie. Kwake huo ni mchezo: tandika mkeka, mwambie awe paka, apige magoti, apinde mgongo juu na kulia nyau, kisha awe nyoka, alale kifudifudi na kuinua kifua. Dakika 5 zikiisha atakimbilia kuku. Mwache. Mkubwa mfundishe kusimama kama mti, mguu mmoja, macho kayakaza mahali pamoja, akivuta pumzi taratibu kwa pua. Kusimama kwa kichwa bado, shingo zao changa. Na wasianze wakitoka kula ugali na migebuka. Wangu alitapika palepale, mkeka nikausugua jioni nzima.